Aliyemshikia Mlango

Mlango wa tatu ulifunguka kabla Hamira hajajua namna ya kuufungua.

Si mlango wa nyumbani kwake; huo alikuwa ameufunga mwenyewe kwa ufunguo na komeo. Ni mlango wa mchezo, ndani ya kompyuta, katika lile jumba kubwa la mafumbo alilokuwa akilizunguka kila mchana tangu alinunue. Ulikuwa na vishikizo viwili, kimoja kulia na kimoja kushoto, vilivyoachana kiasi kwamba mtu mmoja hawezi kuvishika vyote. Ilibidi atafute gunia la mchanga, alilaze juu ya kishikizo kimoja, kisha akimbilie cha pili. Gunia hakuwa ameliona bado. Alikishika cha kulia kwa kujaribu tu, na cha kushoto kikashuka chenyewe, polepole, kama kinavyoshuka kikishikwa na mtu asiye na haraka.

"Hebu!" Hamira akasema peke yake, akapita.

Alidhani watengenezaji wa mchezo wamemhurumia. Mtu aliyezoea kuhangaika peke yake akisaidiwa haulizi maswali mengi.

Hamira halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Ni wenzake wa kiwanda cha mikate waliombandika, kwa sababu kicheko chake kilihitaji muda kuumuka: mzaha ukitolewa, wenzake wacheke mpaka wamalize, ndipo yeye anaanza. Alifanya kazi usiku. Alirudi kunakucha na unga masikioni, akalala, na alipoamka jua lilikuwa limeshasimama juu ya mabati na jengo zima ni tupu, wakubwa wako kazini na wadogo wako shule. Korido ilikuwa kimya kiasi cha kusikia bomba la jirani likidondosha tone. Watu huogopa usiku, lakini usiku wa Hamira ulikuwa na wenzake, tanuri na makelele ya mashine. Saa zake mbaya zilikuwa za mchana.

Mchezo haukuwa wazo lake. Ulikuwa wazo la mdogo wake, yule dada mmoja aliyebaki naye duniani baada ya mama yao kufa, aliyeolewa mbali na kuzaa binti ambaye Hamira alimjua kwa picha tu. Mdogo wake alifika msibani wakati kaburi limeshafukiwa. Tangu siku hiyo simu zao zilikuwa za salamu: hujambo, sijambo, watoto, kazi, haya basi. Siku moja akabadilisha wimbo.

"Kaka, kuna mchezo wa mafumbo. Nenda kaununue, ule wa mtandaoni. Tuwe tunacheza wawili huku tunaongea, kama zamani."

Zamani ilikuwa chumba kimoja. Mama yao alikuwa akisafisha maofisi usiku. Aliwafungia ndani, na wao wawili walitegana vitendawili kitandani mpaka mkubwa apitiwe na usingizi. Mdogo mtu alikuwa hodari wa kudai miji. Ukishindwa jibu lazima umpe mji, na ukimpa mji mdogo anaukataa kwa madaha, anataka mkubwa zaidi.

Basi Hamira akaenda dukani. Muuza kompyuta, mama mmoja aliyevaa miwani juu ya nywele badala ya machoni, alimtolea visanduku viwili vinavyofanana.

"Unataka wa kucheza peke yako au wa mtandaoni?"

"Kuna tofauti gani?"

"Jumba ni lile lile. Wa peke yako hautaki intaneti, hakuna wa kukuharakisha, ukichoka unaondoka, jumba linakungoja. Wa mtandaoni unataka mwenzako. Kuna milango humo haifunguki mpaka muwe wawili. Ukiniuliza mimi, kidole kimoja hakivunji chawa."

"Na mwenzangu asipokuja?"

Yule mama akacheka. "Basi utasimama mlangoni, kaka yangu, umngojee."

Hamira alikuwa ameshangoja milangoni vya kutosha. Alimngoja mdogo wake siku ya maziko mpaka watu wakamsihi waanze. Tena, nani angependa kusikilizwa jinsi sauti yake ilivyoingia kutu? Akanunua wa peke yake. Kisha akampigia mdogo wake, akamwambia dukani wa mtandaoni umekwisha.

"Aa," mdogo wake akasema. "Basi sawa, kaka."

Hamira aliona haya, akaiweka simu kifudifudi mezani.

Baada ya mlango ule wa tatu, msaada ukawa wa kila siku. Akikwama kwenye ngazi iliyovunjika, ubao ulijilaza wenyewe. Akipotea gizani, taa iliwaka mwisho wa njia. Siku moja maandishi madogo yakatokea chini kwenye kioo cha kompyuta: *Nimekushikia, pita.* Hamira aliyasoma, na ukweli usemwe, hakuogopa. Alifurahi. Kulikuwa na miezi mingi tangu mtu yeyote amshikie mlango. Akaandika, "Asante." Maandishi yakajibu: *Karibu.*

Kompyuta ile haikuwa na intaneti. Hakuna waya wala mnara uliokuwa ukiileta. Hamira alilijua hilo vizuri, akaliweka pembeni.

Ndipo milango ya nyumbani ikaanza. Akifungua chumba katika jumba, akiinuka kwenda kunywa maji anakuta kabati la vyombo liko wazi. Akifungua kingine, mlango wa choo unakuwa wazi. Akafungua ghala la chini la jumba, na alipogeuza kichwa aliona kabati lake la nguo limefunguka nusu na mashati yote yamesukumwa upande mmoja, kama mtu anavyoyasukuma ili apate pa kusimama. Kukawa na harufu ya kitambaa kibichi kilichosahauliwa ndani ya ndoo. Alifua matambara yote, akamwaga sabuni sakafuni, na harufu ikabaki pale pale.

Katikati ya jumba kulikuwa na mlango mkubwa usio na kishikizo wala tundu la ufunguo. Hamira alisimama mbele yake mchana kutwa. Mwisho maandishi yakatokea: *Kitendawili.*

Kicheko cha Hamira kiliumuka haraka kuliko kawaida. Akaandika, "Tega."

*Naingia kila nyumba, sijawahi kukaribishwa.*

Upepo. Sio. Moshi. Sio. Panya, mwizi, kifo. Sio, sio, sio.

*Umeshindwa. Nipe mji.*

Hapa mtu mwenye akili timamu angetaja mji wowote wa mbali, ule wenye bandari au ule wenye mfalme, kama watoto wafanyavyo, na mambo yangekwisha. Lakini Hamira alikuwa na furaha ya mtu aliyekumbushwa utoto wake, na furaha humlegeza mtu. Hata kutaja mji aliona uvivu. Akaandika kwa mzaha, "Nakupa hapa hapa nilipo."

Maandishi yakatokea:

*Nimefika hapa hapa ulipo. Nimeingia. Nimekula, nimekunywa, nimelala. Jibu ni mimi.*

Mlango mkubwa ukafunguka, na nyuma yake palikuwa na chumba kidogo chenye kitanda kimoja, meza, kompyuta, na mtu aliyeketi akiwa amewapa mgongo wote wanaoingia. Na Hamira alipoinua mkono kujifuta jasho, yule mtu naye akainua mkono.

Akaizima kompyuta. Akaenda kazini mapema, akakanda kwa ngumi mpaka wenzake wakamwuliza ana ugomvi gani na unga.

Aliporudi alfajiri, ufunguo wake haukuzunguka. Aliujaribu, akautoa, akaufuta kwenye suruali, akaujaribu tena. Mwisho akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu ahamie pale: alibisha hodi kwake mwenyewe. Akasikia nyayo zisizo na viatu zikija taratibu kutoka chumbani, zikasimama. Komeo likavutwa. Alipoingia hapakuwa na mtu, ila ile harufu ya ubichi, na sahani yake moja juu ya meza imelambwa safi, na kitandani, upande wa ukutani ambao yeye halali, shuka lilikuwa na joto.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Huyu alikuja na mwenyeji akaanza kukauka. Kila siku Hamira alibisha na kila siku alifunguliwa. Mama jirani alikutana naye ngazini akamsifu: "Huyo ndugu yako uliyenaye mpole! Nikipita ananisalimia kutoka nyuma ya mlango, ila hajitokezi. Ana sauti kama yako." Hamira akasema ndiyo, akapanda juu akishikilia ukuta, na alipolala hakulala, alikaa macho ameelekea mlango huku nyuma yake, upande wa ukutani, godoro likibonyea kidogo kidogo, kwanza goti, kisha nyonga, kisha bega, na pumzi baridi ikianza kwenda na pumzi yake, akivuta inavuta, akitoa inatoa, mpaka akashindwa kujua kati ya hizo mbili ipi ni yake.

Kiwandani palikuwa na mtu aliyeitwa Mzee wa Tanuri. Kazi yake ilikuwa moto, lakini watu walimfuata pia kwa mambo yasiyotibika hospitalini. Zamu ilipoisha Hamira alimsogelea akamnong'oneza yote. Mzee alisikiliza akitoa majivu.

"Ulimpa kwa kinywa chako?"

"Niliandika, Mzee."

"Ni yale yale. Kilichotolewa kwa kitendawili hakirudi kwa ubani wala kwa kufokea. Kinarudi kwa kitendawili."

"Basi nitamtegea."

"Wewe? Jini huyo si analala na wewe? Jibu lolote unalolijua, analijua. Tafuta mtu wa pili atege yeye, na jibu usilisikie hata kwa bahati mbaya. Jini akishindwa atatoa mji. Aukatae. Atatoa mwingine, aukatae. Mpaka ataje nyumba yako kwa ulimi wake."

"Na huyo mtu wa pili, hatadhurika?"

Mzee akakung'uta koleo lake. "Mtegaji ndiye anayechagua mji. Asiwe mtu mwenye njaa ya mahali, mwanangu. Kuwa mwangalifu hapo."

Hamira hakuuliza njaa ya mahali ni njaa gani. Angeuliza ya nini, wakati alikuwa na mtu mmoja tu duniani? Akampigia akiwa amesimama barabarani, mbali na nyumba.

"Mdogo wangu, nilikudanganya. Dukani wa mtandaoni ulikuwepo."

"Nilijua, kaka."

"Ulijua?"

"Wewe ukidanganya unasema 'basi' mara nyingi. Una nini? Sauti yako imekwisha."

Akamweleza. Alitegemea kuchekwa, lakini mdogo wake hakucheka. Alisema anacho kitendawili kimoja alichokitunga mwenyewe akiwa mdogo, usiku, baada ya kaka yake kulala, na hajawahi kumwambia mtu.

Fundi wa intaneti alikuja akavuta waya mrefu mweusi kupitia dirishani. Alifanya kazi yake haraka haraka, hakutaka chai, na alipotoka aliaga mara mbili, akimtazama kwanza Hamira, kisha pembeni ya Hamira. Yule mama wa dukani alibadilisha mchezo bila maneno. Adhuhuri, jengo likiwa tupu, Hamira alivaa visikizio vya masikioni vyenye kipaza sauti akafungua jumba.

Mdogo wake alikuwa ameshafika. Alikuwa kisanamu chenye vazi la njano, kikirukaruka ukumbini.

"Kaka! Ona ninavyoruka!"

Hamira akacheka, na machozi yakamtoka. Kumbe jambo lenyewe lilikuwa dogo hivi. Kumbe angeweza kuwa hapa tangu mwanzo. Wakatembea pamoja, huyu akishika kishikizo, yule akipita, wakitaniana, na kwa kitambo kifupi alisahau walichokuja kukifanya. Kisha wakafika kwenye mlango mkubwa, na mbele yake alikuwa amesimama wa tatu, mwenye vazi kama la Hamira, amewapa mgongo.

"Ndiye huyo?" mdogo wake akanong'ona.

"Ndiye. Usiogope. Kataa kila mji mpaka ataje nyumba yangu."

Mdogo wake akavuta pumzi. "Kitendawili!"

"Tega," sauti ikajibu, na haikutoka kwenye visikizio. Ilitoka nyuma ya kiti cha Hamira.

"Mama ametoka, mama yupo mlangoni."

Hamira alisikia nyuma yake mtu akihama mguu mmoja hadi mwingine.

"Kivuli chake."

"Sio."

"Sauti yake. Harufu yake."

"Sio, sio!"

"Kaburi lake."

"Sio. Umeshindwa!" Mdogo wake alisema kwa ile furaha yake ya kitoto. "Nipe mji."

Jini akatoa mji wenye taa zisizozimika. Akaukataa. Akatoa mji wenye masoko saba na bustani. "Mdogo huo, sitaki!" Akatoa mji baada ya mji, na kila mmoja ulipotajwa mlango mkubwa ulifunguka na kuuonyesha, kisha ukajifunga, na kila ulipojifunga sauti ile ilipungua nguvu, na joto likaanza kurudi mabegani mwa Hamira, na harufu ya ndoo ikafifia, na akajua kwamba unaofuata, au unaofuatia huo, ndio utakuwa nyumba yake, akakaza vidole kwenye meza akingoja.

"Nakupa," jini akasema taratibu, "mji alipo mama yako."

Mlango ukafunguka. Ndani palikuwa na chumba kimoja, kitanda cha watoto, na mwanamke aliyeinama akijifunga kichwani kitambaa cha kazini. Hakuonekana uso.

"Kataa," Hamira akasema. "Mdogo wangu. Kataa, bado kidogo tu."

Kisanamu cha njano kikausogelea mlango.

"Sio yeye! Kataa!"

"Mimi sikumwona, kaka," mdogo wake akasema. "Wewe ulimwosha, ulimzika. Mimi nilikuta mchanga."

"Nisamehe. Nilikungoja, walinilazimisha. Kataa, nakuomba."

"Na kaka yangu?" Sasa hakuwa akizungumza na Hamira. "Nikienda, yeye itakuwaje?"

"Kaka yako," jini akasema kwa upole, "hatakuwa peke yake."

"Basi nimekubali."

Na kwa kuwa ndio utaratibu, mtegaji akishapewa mji lazima atoe jibu, akalitoa, kwa sauti ya mtu anayesinzia. "Ni viatu, kaka. Alikuwa akiacha viatu vyake vya pili mlangoni, mwizi akichungulia adhani mkubwa yupo. Wewe ulikuwa umelala. Mimi nilivitazama mpaka kunakucha."

Kisanamu cha njano kikaingia. Mlango ukafungwa kwa ndani, bila kishindo.

Hamira aliita. Aliita jina la nyumbani, la utotoni, lile la utani. Katika visikizio alisikia chumba cha mbali: feni inazunguka, kiti kimelia mara moja. Kisha mlango wa huko ukafunguliwa, na miguu midogo ikaingia ikikimbia.

"Mama? Mama, nimerudi. Mama?" Sauti ikaja karibu na kipaza sauti. "Mjomba? Ni wewe? Mama amefumbua macho lakini haitiki."

Hamira hakuwahi kuisikia sauti ya mpwa wake kabla ya hapo, na ilikuwa ya mdogo wake yule yule wa zamani.

"Mjomba, mbona kwenye kioo naona mko wawili?"

Kitu kikainama juu ya bega lake. Harufu ikarudi yote. Shavu baridi, lenye ubichi, likagusa la kwake, midomo ikasogelea kipaza sauti, na kwa sauti ya Hamira mwenyewe, tamu, ya mjomba anayempenda mtoto, ikasema, "Kitendawili."

Alisikia mtoto akivuta pumzi ili ajibu. Alikuwa amefundishwa vizuri.

Hamira alijitupa sakafuni, akaukamata ule waya mweusi kwa mikono miwili akauchomoa ukutani pamoja na kipande cha plasta.

Visikizio vikafa. Kioo kikabaki na jumba, na ukumbi, na mlango uliofungwa. Kama njia ya mdogo wake ya kurudi ilikuwa ni waya ule, basi ameikata kwa mkono wake, na simu ilipoanza kulia mezani, jina la shemeji yake likiwaka, aliiogopa. Alikaa chini ameukumbatia waya, akilia kwa sauti, wala hakujizuia, kwani hakukuwa na mtu katika jengo zima wa kumsikia.

Nyuma yake kiti kikavutwa mezani. Mtu akaketi, akaanza kucheza.